Kiwiliwili cha Kale, Moyo wa Kigeni

Iko sanaa ambayo wahakiki hawajazoea kuiita sanaa, kwa kuwa wanaoifanya wana grisi mikononi. Mtu huchukua gari dogo la kale, la tangu zama za Waingereza, ambalo injini yake imechoka. Akiwa nyumbani kwake huing'oa injini hiyo, na mahali pake akapachika injini ya gari la juzi. Anapomaliza, bodi ni ile ile na taa ni zile zile za mviringo, lakini kinachopumua ndani ni kingine. Wapo wanaolisifu gari la namna hiyo na wapo wanaolilaani, na pande zote mbili husema kwa mkato, kama wasemavyo watu waliokwisha kata shauri. Wa kwanza wana methali yao, kipya kinyemi ingawa kidonda. Wa pili nao wana ya kwao, vya kale ni dhahabu. Taabu ya methali zote mbili ni kwamba humpa msemaji ruhusa ya kuondoka bila ya kufungua boneti.

Mpenzi wa mashairi ana haki ya kuuliza gari limeingiaje katika kurasa hizi. Limeingia kwa sababu swali lililomo chini ya boneti ndilo lililogombaniwa kuhusu shairi la Kiswahili kwa miongo mingi: umbo likibaki na kinachoiendesha kazi kikabadilika, je, kitu ni kile kile? Na kama ni kile kile, mhakiki alipime kwa kipimo gani, cha zamani au cha leo?

Pahali pafaapo kulitafakari swali hilo ni Kwihara, kilomita chache kusini-magharibi mwa mji wa Tabora, katika nchi ya Unyanyembe. Mtu wa visiwani akifika hapo huonyeshwa tembe linalohifadhi kumbukumbu ya Livingstone: kuta nene za udongo, paa bapa, na mlango wa nakshi ambao mtu wa pwani huutambua kabla hajaambiwa kitu. Tembe, kwa tabia yake, ni nyumba isiyokaa bila ya kubadilishwa. Mchwa wakila nguzo, husimamishwa nguzo nyingine. Mvua ikilainisha paa, hupigwa udongo mwingine. Mwenye kutaka tembe ambalo halijaguswa tangu lijengwe, anataka kichuguu.

Lakini kilichofanywa Kwihara na majirani zake katika karne ya 19 kinahusu jambo hili kwa karibu zaidi. Misafara iliyotoka pwani ilifika Unyanyembe imekwisha nguvu, na aghalabu wapagazi walioajiriwa Bagamoyo walikuwa wameajiriwa kufika hapo tu. Burton na Speke walipoingia Kaze, Novemba 1857, wapagazi wao walitawanyika, na wageni wale wakakaa kuwangoja wengine. Stanley aliingia Kwihara Juni 1871 na hakuweza kuondoka kwenda Ujiji mpaka Septemba, kwa vita vya Mirambo, kwa homa, na kwa uhaba wa watu. Mwaka uliofuata Livingstone alikaa hapo tangu Februari hadi Agosti akiwangojea watu 57 aliotumiwa na Stanley kutoka pwani. Walipofika, tarehe 25 Agosti 1872, akashika njia. Kwa lugha ya mafundi, Unyanyembe ilikuwa gereji. Mizigo ilikuwa ile ile, bendera ile ile, mwenye mali yule yule. Miguu ndiyo iliyobadilishwa. Wala hapana aliyesema kwamba msafara uliotoka Kwihara si ule ulioingia.

Hata hivyo, mwenye msafara aliyedhani kwamba miguu ni miguu tu alijuta. Mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa mtu wa kazi yake, mwenye kanuni zake: uzito atakaoubeba, ambao kwa kawaida ulikuwa kilo 30 hivi, posho atakayopewa, na mwendo wa kutwa autakao yeye. Aliyeyajua hayo mapema alifika. Aliyewalazimisha wapagazi wapya waende kwa mwendo wa wale wa zamani aliamka asubuhi akayakuta mabunda yamelala peke yao.

Sasa na litazamwe gari lenyewe. Katika magari madogo yaliyoletwa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, Morris Minor ndiyo ifaayo kuwa mfano, maana ndiyo ambayo wapenzi wa asili huitetea kwa ukali na ndiyo ambayo mafundi huipasua kwa wingi duniani. Ilizinduliwa London mwaka 1948. Mbunifu wake, Alec Issigonis, alizaliwa Smyrna, mji ambao leo ni Izmir, Uturuki. Aliikusudia iwe na injini ya silinda nne zilizolala, mbili upande huu na mbili upande ule, lakini injini hiyo haikufika sokoni. Gari likatoka kiwandani limevaa injini ya kuazima, ya sentimita za ujazo 918, iliyokuwa ikitumika katika Morris Eight tangu kabla ya vita. Mwaka 1952, baada ya Morris na Austin kuunganishwa, likatiwa injini ya Austin ya sentimita 803. Mwaka 1956 ikaja ya 948, na mwaka 1962 ya 1,098. Yaani kiwanda chenyewe kilibadilisha injini kila baada ya miaka michache, bodi ikabaki na sura yake, na zaidi ya magari milioni 1.6 yakauzwa kwa jina moja.

Hata hiyo bodi nayo ina siri yake. Muda mfupi kabla ya gari kuanza kuundwa kwa wingi, Issigonis aliliona jembamba mno. Akaamuru mfano wake ukatwe katikati kwa urefu, nusu mbili zikasogezwa mbali mpaka jicho lake likaridhika. Zikaongezeka inchi 4, na alama ya upasuaji huo ndiyo ule utepe ulioinuka unaopita katikati ya boneti, ambao leo wapenzi wa asili huusugua kwa kitambaa laini wakiusifu kuwa ni urembo wa zamani. Mtu anayelitetea gari hili kwa hoja kwamba halikukusudiwa kupasuliwa wala kubadilishwa injini, analitetea gari ambalo halikuwahi kuwako.

Kiini cha hoja ya asili kimekwisha vunjika hapo. Shairi la Kiswahili nalo lina historia inayofanana na hiyo, ingawa visiwani haikumbukwi kwa urahisi. Shairi la mishororo minne, lenye mizani 16, nusu katika ukwapi na nusu katika utao, lilikomaa pwani. Muyaka wa Mombasa alikuwa amelifikisha mbali kabla hajafariki mnamo mwaka 1840. Lakini aliyezikusanya sheria zake akazichapa kitabuni mwaka 1954, Kaluta Amri Abedi, alizaliwa Ujiji, mwisho wa njia ile ile ya misafara inayopita Unyanyembe. Umbo la pwani lilibebwa pamoja na vitambaa na shanga, likapewa nguvu nyingine huko bara, kisha likarudi pwani katika mavazi ya sheria, na watu wa pwani wakalipokea kama kwamba halikuwahi kutoka mlangoni. Miaka 20 baadaye Kezilahabi wa Ukerewe alitoa *Kichomi*, na malumbano ya vina na mizani yakawaka. Wengi waliolumbana walikuwa wakibishana kuhusu bodi. Wachache waliuliza kama injini iliyotiwa ndani imefungwa vizuri.

Hapo ndipo uhakiki unapopaswa kuanza, kwa shairi na kwa gari. Kazi ihukumiwe kwa kiungo chake, yaani pale kipya kinaposhikana na cha kale.

Hukumu hiyo inadai kuangalia. Katika mji wa Tabora, wenye miembe inayofuata njia za misafara, kazi ya namna hii ikifanywa nyumbani hufanywa chini ya mti. Tawi nene hufungwa mnyororo wa kunyanyulia, na injini ya zamani hupanda polepole kutoka tumboni mwa gari. Jambo la kwanza ambalo fundi huligundua ni mzaha wa historia. Morris Minor huiweka injini yake kwa urefu, ikaendesha magurudumu ya nyuma kwa shafti ndefu. Magari madogo ya leo, kuanzia Vitz hadi mengine yaliyojaa barabarani, yameweka injini kwa upana na huendesha magurudumu ya mbele. Na aliyeueneza mtindo huo wa upana ni Issigonis yule yule, alipotoa Mini mwaka 1959. Mbunifu wa gari la kwanza ndiye aliyezifanya injini zilizofuata zisiliingie. Fundi hana budi kutafuta gari la leo ambalo bado limeweka injini kwa urefu, na ndiyo sababu jicho huangukia Suzuki Jimny, yenye injini ya sentimita 1,300 hivi na giaboksi ya gia tano inayolala mahali panapohitajika.

Kuanzia hapo kazi hugawanyika kati ya msanii na mbabaishaji. Morris Minor haina chesisi ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo mifupa yake. Mbabaishaji anapokuta injini mpya inagusa ukuta wa bati unaoitenga injini na abiria, huwasha moto akaukata. Hajui, au hajali, kwamba amekata mfupa. Msanii huchukua muda. Hupima, akasogeza injini mbele kwa vidole viwili, akatengeneza vikalio vipya vya injini vinavyofungwa katika matundu ya bolti yaliyokuwapo tangu kiwandani. Kifuniko cha sakafu kilicho juu ya giaboksi kilikuwa tangu mwanzo ni cha kufungua. Huunda kingine chenye nundu kubwa zaidi, na kile cha zamani hukiweka stoo. Kesho mtu mwingine akitaka kulirudisha gari katika hali yake ya mwaka 1962, atakuta kila tundu mahali pake. Huo ndio urari wa mizani katika kazi hii: kipya kimejipinda ili kiingie katika kipimo kilichokutwa, na kipimo hakikubomolewa ili kipya kipite.

Umeme ni mtihani mwingine, na hapo hushindwa wengi. Magari haya yaliundwa ncha chanya ya betri ikiwa imefungwa kwenye bodi. Ya leo hufunga ncha hasi. Injini mpya ina sensa na kontroli boksi ambayo haisamehe kosa hilo. Asiyejua huiunguza kabla injini haijakohoa hata mara moja. Anayejua hugeuza mfumo wote, akabadilisha dinamo, akapitisha waya mpya pembeni mwa zile za kale, na swichi ya taa yenye umri wa miaka 60 ikaendelea kubofywa kwa kidole kile kile. Rejeta nayo ina neno lake. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na joto la Oktoba, kabla ya mvua, halina huruma. Rejeta ndogo iliyokusudiwa baridi ya Uingereza itachemka kabla gari halijatoka Kwihara kufika mjini.

Sehemu nzito kuliko zote ni ile ambayo wapenzi wa kipya hawapendi kuizungumza. Injini ya mwisho ya Morris Minor ilikuwa na nguvu za farasi 48. Ya Jimny ina takriban 80. Gari lenyewe halifiki kilo 800. Lina breki za dramu kwenye magurudumu yote manne, ambazo zilitosha kwa mwendo wa karani wa serikali anayekwenda bomani, na vyuma vya ekseli ya nyuma vinavyojulikana kwa kukatika vikitiwa nguvu ya ghafla. Fundi anayetia nguvu hiyo bila ya kubadilisha breki za mbele kuwa za diski, bila ya kuitazama difu wala mikono ya kuzuia mitikisiko, ameunda kitu kizuri cha kutazamwa na kibaya cha kupandwa. Hapo si suala la ladha tena. Barabarani wako watoto wa shule, wauza maembe na waendesha baiskeli, na hao hawakuulizwa maoni yao juu ya mambo ya asili na ya kisasa.

Yako mashairi ya aina hiyo pia: fikra kubwa, ya karne hii, imesukumwa ndani ya mishororo minne isiyo na breki, vina vinalia, mizani inatimia, na msomaji anatupwa shimoni katika ubeti wa tatu. Yako na ya kinyume chake, ambayo bodi imeng'arishwa na ndani hamna kitu kinachozunguka. Watetezi wa asili wana mengi ya aina hii ya pili majumbani mwao, kama ambavyo nyua za miji yetu zina magari ya kale yaliyoegeshwa juu ya matofali, yamehifadhiwa asili yake yote, kuku wakiatamia katika kiti cha nyuma.

Ipo sababu moja ya kubadilisha injini ambayo husemwa mno na haitoshi. Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara mwishoni mwa 2005, na injini za kale za Austin, ambazo viti vyake vya valvu vililindwa na risasi hiyo, huliwa polepole na petroli ya sasa. Ni kweli. Lakini fundi wa mashine anaweza kutia viti vya chuma kigumu katika kichwa cha injini ile ile, kwa gharama iliyo ndogo mno kuliko ya injini nyingine. Anayesema alilazimishwa na petroli anaficha matamanio yake. Aseme tu kwamba alitaka gari litakalokwenda Nzega na kurudi bila ya kumfedhehesha. Hiyo ni sababu halali, wala haihitaji kusingizia risasi.

Wengine hutoa mfano wa meli. Mabunda ya meli ya Kijerumani Graf von Götzen yalipita Tabora kwa reli kwenda Kigoma. Ikaunganishwa huko, ikaelea mwaka 1915, ikazamishwa na wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Katika miaka ya 1970 mitambo yake ya mvuke ilitolewa ikatiwa injini za dizeli, na abiria wa Ziwa Tanganyika waliendelea kuiita Liemba. Mfano ni mzuri, ila unathibitisha kidogo kuliko wanavyodhani wanaoutoa. Meli ile ilibadilishwa jina na moyo, na ikabaki na kazi. Gari dogo la nyumbani halina ratiba wala abiria wanaoingoja gatini; lina mwenyewe tu, na kumbukumbu zake.

Kwa habari ya moyo, Unyanyembe ina kisa chake. Livingstone alifariki kwa Chitambo mnamo tarehe 1 Mei 1873. Watumishi wake, Susi na Chuma pamoja na wenzao, walitoa moyo wake wakauzika chini ya mti wa mpundu, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba kuelekea pwani. Oktoba mwaka huo walifika nao Unyanyembe, ambako Cameron aliwashauri wauzike hapo hapo. Wakakataa. Ulipofika Uingereza, watu walitaka hakika kwamba huyu ndiye. Daktari akautambua kwa mfupa wa mkono wa kushoto, uliovunjwa na simba miaka 30 hivi kabla yake. Hakutambuliwa kwa moyo, maana haukuwapo. Alitambuliwa kwa kovu la mfupani, na akazikwa Westminster Abbey Aprili 1874 kwa jina lake kamili.

Kadi ya gari huandika namba mbili: ya chesisi na ya injini. Mwenye kubadilisha injini hupaswa kuipeleka kadi hiyo ibadilishwe. Wapo wasiofanya hivyo, na gari lao likawa na karatasi inayoshuhudia injini ambayo imelala chini ya mwembe. Ni kosa la sheria, na katika sanaa hii ni uongo mdogo usio na lazima, kwa kuwa gari lililofungwa vizuri halina cha kuficha. Kovu lake lionekane. Bamba la kuunganishia lisipakwe rangi ya kujifanya kwamba lilitoka Uingereza.

Kitu kimoja hakirudishwi na fundi yeyote, nacho ni sauti. Morris Minor ya kale, mguu unapoondolewa kwenye mafuta katika mteremko, ilikuwa na mkoromo wake wa eksozi ambao mtu angeutambua akiwa chumbani, akajua mzee amerudi. Injini ya Jimny haijui mkoromo huo. Inasema kweli kwa sauti yake, sauti nyembamba ya haraka, na wenye nyumba watajifunza kuitambua kama walivyojifunza ile ya kwanza. Ila wazee wawili watatu hawataamka.

Injini iliyotolewa nayo inabaki. Mpagazi aliyemaliza safari yake Unyanyembe alilipwa vitambaa vyake, akaenda zake. Chuma hakina kwao. Mafundi wengi huiuza kwa kilo, nayo ikaondoka na mkokoteni wa vyuma chakavu siku hiyo hiyo. Fundi mzuri huimwagia oili katika matundu ya plagi, huzibua na kuziba kila mahali panapoweza kuingia nyigu, huiviringisha katika turubai na kuipandisha juu ya magogo mawili, mbali na mchwa, namba yake ikiwa upande wa mbele ambapo yaweza kusomwa.